'Lend' na 'borrow' mbele ya azima na kopa

Walimu wengi hulalamika kwamba mwanafunzi wa Kiswahili hachelewi kuvichanganya vitenzi viwili vya Kiingereza, 'lend' na 'borrow'. Huandika "I borrowed him my canoe" akikusudia kwamba yeye ndiye aliyetoa mtumbwi. Sababu itolewayo aghalabu ni moja: ati Kiswahili ni maskini hapa, kina azima tu kwa maana zote mbili. Sisi hatuikubali hukumu hiyo.

Natuitazame pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia Mocímboa da Praia hadi Palma, karibu na mto Ruvuma. Huko Kimwani na Kimakwe ni lugha za nyumbani, Kiswahili hufahamika kwa biashara na safari za kuvuka mpaka, na Kireno ni lugha ya shule na serikali. Tangu gesi nyingi ilipogunduliwa baharini mwaka 2010, Kiingereza nacho kimekuwa kikitafutwa.

Mvuvi akisema kwa Kiswahili, "Saidi ameniazima mtumbwi," hakuna atakayedhani kwamba Saidi ndiye wa kurudisha. Kiambishi -ni- kimekwisha kumtaja aliyepokea. Akisema, "Nimeazima mtumbwi kwa Saidi," neno kwa limeonyesha ulikotoka. Basi tofauti ambayo Mwingereza huiweka katika kitenzi chenyewe, Mswahili huiweka katika viambishi na mpangilio wa sentensi. Mreno ana njia ya tatu: 'emprestar' ni kutoa, na anayetaka kupokea hana budi kuunga maneno mawili, 'pedir emprestado', yaani kuomba kuazimwa.

Zaidi ya hayo, Kiswahili ni kikali mahali ambapo Kiingereza kimelegea. Mtumbwi huazimwa, kwa kuwa utarudi ule ule. Mchele na fedha hukopwa, kwa kuwa vitatumika vikaisha, na kitakacholipwa ni kingine cha kadiri hiyo. Na hapa lugha yetu hutenga pande mbili waziwazi: apokeaye hukopa, atoaye hukopesha. Kwa Mwingereza mtumbwi na mchele vyote ni 'borrow', na msikilizaji ajijazie mwenyewe.

Jambo hili si la sarufi tu. Shambulio la Machi 2021 liliwatawanya wakazi wa Palma, na wengi waliorejea walihitaji kuanza upya. Tuseme mmoja wao amepewa nyavu, na karatasi ya Kiingereza anayotia sahihi imetumia neno 'lend'. Ana haki ya kujua: je, arudishe nyavu zile zile, au alipe thamani yake? Aliyefundishwa kwamba 'lend' ni azima, basi, atatia sahihi bila kuuliza.

Kwa hiyo twapendekeza walimu waache kuandika ubaoni neno moja mbele ya neno moja. Waandike sentensi kamili, yenye mtoaji, mpokeaji na kitu, kisha wawaulize wanafunzi maswali mawili: Kitu kimetoka kwa nani? Kitarudi chenyewe, au badala yake? Swali la kwanza litawapa Kiingereza sahihi. La pili litawakumbusha kwamba lugha yao ina hazina ambayo Kiingereza hakiwezi kuwafundisha.