Picha inapogoma kufunguka, soma baiti zake

Faili inaitwa nembo.png, lakini hakuna programu inayokubali kuifungua. Jina tusilitegemee: yeyote anaweza kubandika .png popote apendapo. Kwenye Linux au Mac, fungua terminali uandike:

xxd -g 1 nembo.png | head -n 2

Kushoto ni namba ya mahali, katikati baiti zenyewe kwa heksadesimali, kulia herufi zake, na nukta kwa baiti isiyochapika. PNG nzima huanza na baiti 8 hizi:

89 50 4e 47 0d 0a 1a 0a

Waliozipanga walikuwa wajanja. 89 inahitaji biti zote 8, hivyo ikipita kwenye njia inayobeba biti 7 tu hutoka ikiwa 09. Zinafuata herufi P, N, G. 0d 0a ndiyo alama ya mwisho wa mstari kwenye Windows. 1a huisimamisha amri ya type ya DOS kabla haijamwaga takataka kwenye skrini. 0a ya mwisho hunasa programu inayoongeza 0d pasipotakiwa.

Hapa kwenye nembo.png, baada ya 47 inakuja 0a moja kwa moja. 0d haipo. Basi kuna programu iliyoisafirisha kana kwamba ni maandishi, ikageuza miisho ya mistari. Usihangaike kuirudishia 0d hiyo kwa mkono: nyingine zimefutwa ndani ya picha, na hakuna alama ya zilipokuwa. Omba faili upya. Lau baiti za mwanzo zingekuwa ff d8 ff, ungekuwa na JPEG iliyopewa jina la uongo, na kubadili jina kungetosha.

Wengi hukimbilia hexdump, nayo bila -C huonyesha 5089 474e. Faili haijapinduka, amri hiyo husoma baiti mbili mbili kama namba moja, na prosesa zetu nyingi huhesabu baiti ya kwanza kuwa ndogo. Kwangu mimi mpangilio huo ni mtego mtupu. Kwenye seva isiyo na xxd, tumia od, iliyokuwamo kwenye Unix tangu 1971:

od -A x -t x1 nembo.png | head -n 2

Usiache -t x1, la sivyo utapewa namba za oktali.

Faili mpya ikifika, tazama mstari wa pili: baiti 4 za kwanza ni upana, 4 zinazofuata ni kimo. 00 00 03 20 ni pikseli 800.