ORODHA YA NYIMBO KAMA UTUNGO: MFANO WA LED ZEPPELIN, LONDON 2007

0. Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba utungo hauishii katika maneno yake: una mahali pa kutendwa, una mtendaji, una hadhira. Hata hivyo, tunapohakiki onyesho la muziki, mara nyingi huchambua wimbo mmoja mmoja, kana kwamba ulisikika peke yake. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza utungo mkubwa kuliko wimbo, yaani orodha ya nyimbo zilizopangwa kwa ajili ya usiku mmoja. Swali letu ni hili: bendi iliyovunjika ikikutana tena baada ya miaka mingi, na mwenzao mmoja akiwa amekwisha kufa, iimbe nini, na kwa mfuatano upi?

Swali hilo si geni nchini mwetu. Wenge Musica, iliyogawanyika mwaka 1997, ilikutana tena mjini Kinshasa tarehe 30 Juni 2022, na ubishi kuhusu nyimbo za kuimbwa ni jambo ambalo mpenzi yeyote wa muziki anaweza kulielewa. Sisi tumechagua mfano wa mbali zaidi, kwa sababu ushabiki wetu hauwezi kutupofusha huko kama ambavyo ungetupofusha hapa: bendi ya roki ya Kiingereza, Led Zeppelin.

1. Maonyesho matatu

Led Zeppelin iliundwa mwaka 1968 na watu wanne: Jimmy Page wa gitaa, Robert Plant mwimbaji, John Paul Jones wa besi na vinanda, na John Bonham mpiga ngoma. Bonham alifariki tarehe 25 Septemba 1980, akiwa na umri wa miaka 32, na kabla mwaka haujaisha wenzake walitangaza kwamba hawawezi kuendelea bila yeye.

Walikutana tena jukwaani mwaka 1985 mjini Philadelphia, katika tamasha la Live Aid, wakaimba nyimbo tatu bila maandalizi ya kutosha. Kisha mwaka 1988 mjini New York, wakaimba tano, huku Jason, mwana wa Bonham, akipiga ngoma. Mara zote mbili mambo hayakwenda vizuri. Onyesho la tatu tunaloliangalia lilikuwa tarehe 10 Desemba 2007, London, katika onyesho la kumkumbuka Ahmet Ertegun, mwanzilishi wa kampuni iliyotoa santuri zao. Jason alipiga ngoma tena. Iliripotiwa kwamba maombi ya tiketi yalifikia milioni 20, ilhali ukumbi huchukua watu wapatao 20 000 tu. Ziliimbwa nyimbo 16. Bendi haikuendelea baada ya hapo, na usiku huo ulitolewa kama filamu mwaka 2012.

Linganisha miisho. Mwaka 1985 na mwaka 1988 wimbo wa mwisho ulikuwa “Stairway to Heaven”, ule unaojulikana kuliko zote. Mwaka 2007 wimbo huohuo uliwekwa nafasi ya kumi na moja. Kwetu sisi, badiliko hilo si dogo. Wimbo unaongojwa na kila mtu ukiwekwa mwisho, huzifanya nyimbo zote zilizoutangulia kuwa chumba cha kusubiria. Ukiwekwa kabla ya mwisho, hadhira hupewa haki yake, kisha husikiliza yaliyobaki kwa moyo mtulivu.

2. Uteuzi na upangaji

Isimu imetuzoesha kutofautisha mihimili miwili ambayo chanzo chake ni mafundisho ya Saussure: ule wa uteuzi, ambapo neno huchaguliwa kati ya mengine yanayoweza kushika nafasi yake, na ule wa upangaji, ambapo maneno yaliyochaguliwa hufuatana. Mashabiki hubishana juu ya mhimili wa kwanza tu: kwa nini wimbo huu, kwa nini si ule? Lakini maana huzaliwa pia katika mfuatano. Watunzi wetu wa tenzi walilijua hilo: utenzi hufunguliwa kwa dua na sifa, na mara nyingi mtunzi hujitaja karibu na mwisho, wala si katikati ya vita. Kadhalika taarabu ya Unguja ya mtindo wa zamani hufunguliwa kwa bashrafu, muziki usio na maneno, ili masikio yakae sawa kabla ya sauti kuja.

Kwa kipimo hicho, ufunguzi wa London ulikuwa bora. Bendi ilianza na “Good Times Bad Times”, wimbo wa kwanza wa santuri yao ya kwanza, ya mwaka 1969. Wangeweza kuanza na wimbo wenye vishindo zaidi. Walichagua kuanza pale walipoanzia, na kwa kufanya hivyo walikiri umri wao bila kuutaja. Tena waliimba “For Your Life”, wa mwaka 1976, ambao hawakuwahi kuuimba mbele ya hadhira hata mara moja wakati Bonham alipokuwa hai. Bendi inayothubutu hivyo haikuja kuonyesha picha za zamani tu.

3. Kasoro tatu

Pamoja na sifa hizo, tunaona kasoro tatu. Ya kwanza ni pumzi. Katika miaka ya 1970 bendi hii ilikuwa na desturi ya kuketi katikati ya onyesho na kuimba kwa magitaa yasiyo ya umeme. Mwaka 2007 desturi hiyo iliachwa. Plant alikuwa na miaka 59, na baadhi ya nyimbo ilibidi zishushwe sauti ili aweze kuzifikia. Mtu huyo alistahili mahali pa kuketi. Nasi tulistahili kusikia sauti yake ya utu uzima ikisema polepole.

Ya pili ni uzani. Santuri ya nne, ya mwaka 1971, ilipewa nyimbo nne kati ya 16. Ile ya tatu, ya mwaka 1970, ilipewa mmoja. Ile ya mwaka 1979, ya mwisho kutolewa Bonham akiwa hai, haikupewa hata mmoja.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo inahusu msiba. Katika santuri hiyo iliyosahauliwa mna “All My Love”, uliotungwa na Plant pamoja na Jones kwa kumbukumbu ya mwana wa Plant, aliyefariki mwaka 1977 akiwa na miaka mitano. Fikiria sasa jukwaa la London: baba aliyefiwa na mwana anaimba, na nyuma yake mwana aliyefiwa na baba anapiga ngoma. Hakuna wimbo mwingine katika hazina yao ambao ungeyakutanisha mambo hayo mawili. Kuuacha ni kuipita nafasi ambayo haikurudi tena.

4. Orodha tunayoipendekeza

Ili tusiwe wakosoaji wasiojenga, tumejiwekea sharti: nyimbo zibaki 16, na kila tunaoongeza, tuondoe mmoja. Tunaondoa “Dazed and Confused”, kwa kuwa uhai wake ulikuwa katika ubunifu wa papo kwa papo wa ujanani, uliochukua hata zaidi ya dakika 20. Ukifupishwa, unakuwa muhtasari wake wenyewe. Tunaondoa “The Song Remains the Same”, kwa huruma ya koo la mwimbaji, na “Misty Mountain Hop”, kwa ajili ya uzani. Mfuatano unakuwa hivi:

Ufunguzi: Good Times Bad Times, Ramble On, Black Dog, For Your Life.

Madeni: In My Time of Dying, Nobody's Fault but Mine, Since I've Been Loving You.

Kuketi: That's the Way, Bron-Y-Aur Stomp.

Msiba: No Quarter, All My Love, Stairway to Heaven.

Kuinuka: Trampled Under Foot, Kashmir.

Ziada: Whole Lotta Love, Rock and Roll.

Sehemu ya pili tumeiita “madeni” kwa makusudi. Nyimbo zake mbili za kwanza zina asili katika nyimbo za dini za Wamarekani Weusi, ambazo Blind Willie Johnson alizirekodi mwaka 1927. Bendi hii ilichukua mengi kwa watunzi Weusi, na haikuwataja daima. Kuhusu “Whole Lotta Love”, Willie Dixon alilazimika kwenda mahakamani, na shauri likaisha kwa mapatano mwaka 1987. Kuzipanga nyimbo hizo pamoja, na mwimbaji akataja majina kabla ya kuanza, kungekuwa namna ya kulipa, japo kwa kuchelewa.

Wimbo mmoja haumo, wala haukuwamo mwaka 2007: “Moby Dick”, ambamo Bonham alipiga ngoma peke yake. Hapo tunaafiki. Mwana hurithi kiti cha baba. Si lazima aige na kikohozi chake.

5. Pingamizi na hitimisho

Tunalijua pingamizi litakalotolewa: kwamba watu waliosubiri miaka 27 hawakuja kuomboleza. Ni kweli kwa sehemu, na ndiyo sababu baada ya msiba tumeweka kuinuka. Mpangilio una faida nyingine pia: Jones, ambaye anashika vinanda katika “No Quarter”, hana haja ya kuondoka hapo kwa ajili ya “All My Love”. Tena, msiba usiosemwa haupotei. Hukaa ukumbini ukingoja. Katika matanga yetu, mtu hulia kwanza, kisha huletwa ngoma na chakula, na hakuna anayeona kwamba hayo mawili yanapingana.

Orodha yetu haitaimbwa kamwe, nasi hatudai kwamba wasanii wale walikosea usiku wao. Tunadai tu kwamba mpangilio ni tafsiri, na tafsiri huweza kuhakikiwa kwa hoja. Wanafunzi wetu wachukue onyesho lolote walilolihudhuria, la rumba, la kwaya au la ngoma za kijijini, waandike mfuatano wake, kisha wabadilishe nafasi ya wimbo mmoja tu na kueleza maana iliyobadilika. Zoezi hilo litawafaa hata watakapokabili utenzi.