Ustadi wa Kuwapanga Wanaoondoka

Katika kazi nyingi alizojaliwa mwanadamu, ni chache zilizowekewa sharti gumu kama lile la kocha wa mpira wa kikapu katika chuo kikuu cha Marekani, ambaye kila anapoifanya kazi yake vizuri zaidi ndipo anapouharakisha uvunjikaji wa kikosi chake. Kijana akifunzwa akafunzika, akafikia kimo cha wachezaji wa kulipwa, ligi yao ya NBA humchukua. Asipofikia, huchoshwa na benchi akahamia chuo kingine. Na yule wa katikati, asiyeondoka kwa fahari wala kwa kinyongo, huondolewa na kalenda, kwa kuwa kanuni imempa misimu minne na haitamwongezea wa tano ila kwa udhuru. Klabu ya kulipwa yaweza kumfunga mchezaji wake kwa mkataba hadi nguvu zake zimwishe, ilhali kocha wa chuo hujenga kwa watu ambao tangu siku ya kwanza anajua kwamba wote, bila ya kubakia hata mmoja, watakwenda zao. Sifa zake zimeimbwa sana kwa yale aonekanayo akiyatenda pembezoni mwa uwanja, akipaza sauti na kulegeza tai. Nami nataka kumsifu kwa yale ayatendayo faraghani, mlango umefungwa, akiutazama ubao wa majina.

Ubao huo hauna makuu. Kwa miaka mingi kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ziliruhusu katika timu ya wanaume vijana 13 wenye ufadhili wa masomo; na tangu suluhu ya mwaka 2025 ya kesi ya House, iliyohusu malipo ya wachezaji, kwa vyuo vilivyoikubali suluhu hiyo, ukomo huo umeondolewa na mahali pake pamewekwa ukomo wa wachezaji 15 kwa jumla. Majina hupangwa kwa safu, walio mwaka wa kwanza huku, wa pili na wa tatu hapa, wa nne kule, na kila jina lina mahali pake pa kucheza, awe pointi gadi au awe senta. Kocha asiye na tadbiri huutazama ubao akauliza nani hodari. Mwenye tadbiri huuliza nani ataondoka pamoja na nani, kwa maana msiba wa timu ya chuo hauletwi na kuondoka kwa mchezaji mmoja, hata awe bingwa wa namna gani, bali huletwa na kuondoka kwa pamoja kwa wale waliokuwa wakifanya kazi moja au waliokuwa wakijua jambo moja. Mwenye shamba la minazi hangojei minazi yake yote izeeke ndipo achimbe mashimo. Hupanda miche chini ya minazi inayozaa, akavumilia miaka ambayo mche hula mbolea bila ya kutoa nazi, ili siku mnazi mkongwe utakapoanguka pawe na mwingine uliokwisha kuchanua. Mchezaji wa mwaka wa kwanza aketiye benchi ni mche wa namna hiyo, na kumfanya akubali kukaa huko pasipo kuona kuwa amedharauliwa ni nusu ya kazi yote.

Nitatoa mfano wa Chuo Kikuu cha Connecticut, kilichoko katika mji mdogo wa Storrs, na sioni haya kukiri kwamba nimeuchagua kwa kuwa ndani yake yumo mtu wetu. Mwezi wa Machi mwaka 2006 timu ya chuo hicho, chini ya kocha Jim Calhoun, ilikuwa imeshinda michezo 30 ilipotolewa na George Mason kwa pointi 86 kwa 84 katika muda wa nyongeza, hatua moja tu kabla ya nusu fainali ya taifa. Miezi mitatu baadaye wachezaji watano wa timu hiyo waliitwa katika uteuzi wa NBA, wanne kati yao wakiitwa katika duru ya kwanza. Wengine waliihesabu siku hiyo kuwa ya fahari kwa chuo, na ilikuwa hivyo. Lakini kwa mtu wa ubao ilikuwa ni siku ya kufuta majina.

Mahali pa wale watano palijazwa na vijana, wengi wao wa mwaka wa kwanza, na miongoni mwao alikuwamo Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3, aliyeanza kucheza mpira wa kikapu akiwa tayari kijana mkubwa na ambaye alikuwa amepita shule ya sekondari mjini Houston. Msimu ule wa kwanza Connecticut ilishinda michezo 17 ikapoteza 14, wala haikualikwa katika mashindano yoyote ya mwisho wa msimu. Mpenzi wa timu aliyeisoma hesabu hiyo gazetini aliona anguko. Lakini mwenye jicho la fundi aliona kwamba kijana wa Kitanzania, ambaye mikono yake bado ilikuwa haijauzoea mpira, alikuwa tayari akizuia mitupo karibu minne kila mchezo, na kwamba pamoja naye walikuwapo A. J. Price na Jeff Adrien, watu wawili waliokuwa chuoni kabla ya mhamo ule mkubwa na ambao walijua namna mambo yalivyokuwa yakifanywa pale. Adrien hasa alistahili kutazamwa, kwa kuwa alicheza mwaka wake wa kwanza katika ile timu iliyoondoka, na hivyo akawa daraja baina ya kikosi kilichokwisha na kikosi kilichokuwa bado hakijawa.

Calhoun akangoja. Kungoja huko si kukaa kitako. Ni kumpa mchezaji dakika anazozistahili kesho badala ya zile anazozistahili leo, na kubeba lawama ya michezo inayopotezwa kwa ajili hiyo. Katika msimu wa tatu wa Thabeet, wa 2008 hadi 2009, timu ilishinda michezo 31 ikafika nusu fainali ya taifa, ambako Michigan State iliifunga, naye Thabeet alikuwa akidaka wastani wa rebaundi 10.8 na kuzuia mitupo 4.2 kila mchezo. Mwaka huohuo Memphis Grizzlies walimchagua kuwa wa pili katika uteuzi wote, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Sisi tulishangilia, tena kwa haki. Ila sidhani kama wengi wetu tuliwaza wakati ule kuhusu mzee wa Storrs, aliyelazimika kufuta jina hilo ubaoni pamoja na majina ya Price na Adrien, waliokuwa wamemaliza muda wao wa kucheza chuoni.

Waliondoka pamoja, na hapo hata fundi mwenyewe alipata kuonja adhabu ya ubao, maana msimu uliofuata ulikuwa wa ushindi 18 na kushindwa 16. Sifa nisemazo si za mtu asiyekosea hesabu. Lakini alikuwa amekwisha kupanda mche: katika mwaka wa mwisho wa Thabeet alikuwapo kijana wa mwaka wa kwanza, pointi gadi mfupi kutoka Bronx, jina lake Kemba Walker, aliyeijua nusu fainali kwa kuicheza. Mwaka 2011 Walker, akiwa wa mwaka wa tatu na amezungukwa na vijana wapya, aliiongoza timu iliyomaliza ya tisa katika ligi yake kushinda michezo mitano katika siku tano jijini New York, kisha kutwaa ubingwa wa taifa kwa kuifunga Butler 53 kwa 41. Na miongoni mwa wapya hao waliomzunguka alikuwamo mwingine wa mwaka wa kwanza, Shabazz Napier, ambaye mwaka 2014, akiwa wa mwaka wa nne, alitwaa ubingwa tena chini ya Kevin Ollie, kwa maana Calhoun alikuwa amekwisha kustaafu. Thabeet alicheza na Walker, Walker akacheza na Napier, na hakuna mwaka ambao chumba cha kubadilishia nguo kilikosa mtu aliyewahi kuona jambo likifanywa sawasawa.

Napier hakukaa kwa wepesi. Chuo kilizuiwa kushiriki mashindano ya taifa ya mwaka 2013 kwa sababu ya kipimo cha maendeleo ya masomo, kipimo ambacho hukihesabia chuo hasara anapoondoka mchezaji ambaye masomo yake hayako sawa. Kwa hiyo kanuni yenyewe ilikuwa ikimwambia kocha kwamba namna mtu anavyoondoka ni sehemu ya kazi yake. Wachezaji wengine wakaenda NBA, wengine wakahamia vyuo vingine, naye akabaki akicheza msimu mzima usiokuwa na tuzo mbele yake. Huwezi kuupanga moyo wa namna hiyo ubaoni, na kocha anayedai kuwa aliupanga anajipa sifa ya mtu mwingine.

Yupo fundi wa mkabala wa pili, na insaf yadai naye atajwe. Tangu NBA ilipoweka kwamba kuanzia uteuzi wa mwaka 2006 mchezaji lazima awe ametimiza miaka 19 ndani ya mwaka wa uteuzi, ilikuwapo kila msimu jamii ndogo ya vijana wenye vipaji vya ajabu waliohitaji mahali pa kukaa mwaka mmoja tu. John Calipari wa Kentucky aliuona mlango huo akaufungua wazi kabisa, akawa anakibomoa kikosi na kukijenga upya kila mwaka kana kwamba ndiyo desturi ya dunia. Mwaka 2012 alitwaa ubingwa, na wachezaji sita wa timu ile wakaitwa NBA, Anthony Davis akiwa wa kwanza wa wote. Waliomwiga waliwatazama vijana wa mwaka wa kwanza wakasahau kumtazama Darius Miller, mwenyeji wa jimbo lile, wa mwaka wa nne, aliyekubali kuanzia benchi ilhali watoto wakianza uwanjani. Miaka miwili baadaye Kentucky ilirudi fainali ikiwa na wachezaji watano wa mwaka wa kwanza katika kikosi cha kuanzia, na aliyeifunga, kwa 60 kwa 54, alikuwa ni Napier na wenzake. Mchezo mmoja si hoja; ila kama ningelazimika kuchagua, ningeketi upande wa Napier.

Kisha kanuni zikageuka, na kazi iliyokuwa ikihesabiwa kwa miaka ikaanza kuhesabiwa kwa majuma. Mwezi wa Oktoba mwaka 2018 liliwekwa daftari la uhamisho, ambamo mchezaji huandikwa jina lake akawa huru kuzungumza na chuo chochote. Mwaka 2021 akaruhusiwa kuhama mara moja bila ya kukaa mwaka mzima nje ya mchezo, na mwaka 2024 ruhusa hiyo ikawa haina idadi, mradi masomo yake yawe sawa. Kuanzia Julai 2021 aliweza kuchuma fedha kwa jina na sura yake, na kuanzia Julai 2025 chuo chenyewe kikapewa idhini ya kumlipa, kwa ukomo ulioanzia takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka kwa michezo yote ya chuo. Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ni lugha ya sokoni na nyumbani, aliondoka West Virginia katikati ya msimu akahamia Kentucky, na katika msimu wake wa kwanza huko alidaka wastani wa rebaundi 15.1 kila mchezo akatajwa kuwa mchezaji bora wa nchi. Chuo kimoja kilifuta jina, kingine kikaliandika, na katika vyumba viwili vilivyo mbali ubao ulibadilika kwa sababu ya uamuzi wa kijana mmoja. Calipari mwenyewe, alipohamia Arkansas mwaka 2024, aliwaambia waandishi wa habari kwamba amekutana na timu na kwamba timu hakuna.

Wapo wasemao kwamba hapo ndipo ustadi ulipokufa na soko likazaliwa. Siafikiani nao. Dan Hurley, wa Connecticut hiyohiyo, alitwaa ubingwa wa mwaka 2023, akawapoteza Adama Sanogo, Jordan Hawkins na Andre Jackson kwa mara moja, na mwaka 2024 akautwaa tena. Alimtwaa Cam Spencer kutoka Rutgers, mchezaji aliyekwisha komaa. Akampokea Stephon Castle, wa mwaka wa kwanza, aliyeondoka baada ya msimu huo mmoja. Na baina yao aliwaweka Tristen Newton, Donovan Clingan na Alex Karaban, waliokuwapo mwaka uliotangulia. Karaban alikuwa amefika Storrs katikati ya msimu wa 2021 hadi 2022, akafanya mazoezi miezi kadhaa pasipo kucheza hata mchezo mmoja, ili msimu ukianza asiwe mgeni. Ni mche uleule, ila sasa umepandwa shambani ambamo kila jirani ana jembe na kibali cha kuung'oa.

Mwaka 2025 zamu ilikuwa ya Todd Golden wa Florida, aliyeifunga Houston 65 kwa 63 katika fainali akitegemea walinzi watatu, Walter Clayton, Alijah Martin na Will Richard, ambao wote walianzia vyuo vingine. Wote watatu walimaliza misimu yao siku moja, jambo ambalo zamani lingekuwa hukumu. Lakini warefu wake, Alex Condon, Thomas Haugh na Rueben Chinyelu, walikuwa na misimu iliyobaki, nao wakakubali kuicheza palepale. Basi shimo lilikuwa upande mmoja tu wa ubao, na upande huo Golden akamleta mlinzi mmoja kutoka Arkansas na mwingine kutoka Princeton, kabla ya majani ya vuli kuanguka.