Ameolewa Wapi? Kitenzi -olewa na Usomaji wa Mke Mgeni katika Fasihi

Ikisiri

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kumpima mke kwa mizani ya utii au ya dhuluma. Makala hii inadai kwamba mizani zote mbili humsahau mke akiwa mgeni, yaani mtu aliyehama na ambaye hana budi kujifunza upya kazi, lugha na mahusiano ya nyumba ambayo hakuzaliwa humo. Kwa kuanzia na matumizi ya vitenzi -oa na -olewa, na kwa kutumia mazingira ya Nyansurura mkoani Mara kama kielelezo, makala inasoma upya Utendi wa Mwana Kupona, riwaya ya Aniceti Kitereza na barua za Sayyida Salme (Emily Ruete). Hoja kuu ni kwamba maelezo marefu ya maisha ya kila siku, ambayo huonekana kuwa pambo la mila, ndiyo kiini cha masimulizi ya mke mgeni.

1.0 Utangulizi

Nyansurura ipo katika ukanda wa Mara ambamo lugha hupakana kwa karibu sana. Kikuria, Kingoreme, Kiikoma na Kinata ni lugha za Kibantu zenye udugu wa wazi. Kijaluo, upande wa Rorya, ni cha ukoo mwingine kabisa wa lugha. Kaskazini, mpaka wa Tanzania na Kenya umewagawa Wakuria: wengine wako Tarime na Serengeti, wengine wako Kehancha na vijiji vyake katika kaunti ya Migori. Binti anayetoka Kehancha kuja kuolewa upande wa Tanzania ni mhamiaji mbele ya sheria ya nchi, lakini mbele ya wakwe zake huenda akawa jirani anayesema lugha yao. Binti wa Kijaluo anayetoka Rorya hajavuka mpaka wowote wa nchi, ilhali anafika katika boma ambalo hajui hata namna ya kuitikia anapoitwa. Kiswahili kitamwezesha kuomba maji na kuagizwa sokoni. Hakitamwezesha kufahamu yanayosemwa jikoni anapogeuza mgongo.

Swali la nani kati yao ni mgeni zaidi haliwezi kujibiwa kwa kutazama pasipoti. Linajibiwa jikoni, shambani, zizini na kisimani, mahali ambapo mke mpya hujifunza nani asalimiwe kwanza, nani asitazamwe usoni, na neno gani lisitamkwe mbele ya baba mkwe. Makala hii inashikilia kwamba fasihi imeliandika swali hilo kwa kina kuliko uhakiki ulivyolisoma, na kwamba ufunguo wa usomaji huo umo katika sarufi ya lugha yenyewe.

2.0 Kitenzi kinachohama

Ni jambo linalofahamika kwamba katika Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Wanaochambua jinsia katika lugha hutaja jozi hii kama ushahidi kwamba mwanamke amewekwa katika nafasi ya mtendwa. Kauli ya kutendesha huongeza uzito wa hoja hiyo: wazazi humwoza binti, naye huozwa. Uchambuzi huo si wa makosa, lakini unaishia katikati ya njia, kwa sababu unatazama mtenda na mtendwa tu na kusahau chagizo cha mahali.

Zilinganishwe sentensi mbili za mazungumzo ya kawaida: "Ameoa Tarime" na "Ameolewa Tarime." Sentensi ya kwanza hueleweka kwa wengi kwamba mwanamume amepata mke kutoka Tarime, yeye mwenyewe yuko kwao. Sentensi ya pili hueleweka kwamba mwanamke sasa anaishi Tarime. Jina la mahali ni lilelile, lakini katika ya kwanza ni chanzo na katika ya pili ni kikomo. Isitoshe, mtenda aliyetarajiwa katika kauli ya kutendwa mara nyingi hatajwi. Husemwa "ameolewa Musoma" au "ameolewa kwa akina fulani", na msikilizaji hahisi kwamba kuna kilichopungua. Anayeuliza "Ameolewa wapi?" ameuliza swali kamili. Kitenzi -olewa, katika matumizi haya, kinafanana na vitenzi vya mwendo kama -enda na -hamia kuliko kinavyofanana na -pigwa au -pendwa.

Mila mbili hupima uzito wa hoja hii. Ya kwanza ni nyumba ntobhu ya Wakuria wa Mara, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe wa mahari na kumleta msichana nyumbani kwake ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba hiyo. Hapa husemwa kwamba mama huyo "ameoa" na msichana "ameolewa". Kwa hiyo, kauli ya kutenda haikuwekewa jinsia bali imemfuata aliyetoa ng'ombe. Ya pili inatoka pwani ya kaskazini. Katika miji kama Lamu, familia zenye nafasi zilimpa binti nyumba, na mume akahamia humo. Hata hivyo, mwanamume huyo bado "ameoa". Mifano hii miwili ikiwekwa pamoja inaonyesha kwamba -oa hufuata mahari, ilhali uhamaji ni jambo la pili ambalo chagizo cha mahali hulidokeza. Mara, mambo hayo mawili hukutana kwa mtu mmoja: aliyetolewa ng'ombe ndiye anayehama. Pwani, yanaweza kuachana.

Neno mkamwana nalo linastahili kuangaliwa. Limeundwa na mka, yaani mke wa, na mwana. Mke mpya hapewi jina kwa kumtazama mumewe, bali kwa kuwatazama wazazi wa mumewe. Yeye ni mke wa mtoto wao. Katika nyumba ntobhu uhusiano huo hufikia kikomo chake, kwa kuwa msichana huwa mkamwana wa mama ambaye mwana wake wa kiume hakuzaliwa kamwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 9, inaitafsiri ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Msichana huyo basi amehama, anapika, analima na kuzaa kama mkamwana, lakini ndoa iliyomhamisha haimo katika tafsiri ya sheria. Mila imempa jina na sheria haina jina lake. Fasihi na uhakiki wake vikikosa pia msamiati wa kumsoma, atakuwa amebaki bila ushahidi mahali pote.

3.0 Mizani ya Mwana Kupona

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu kwa ajili ya binti yake, umekuwa kwa muda mrefu kipimo ambacho wahakiki hukitumia wanapowajadili wake katika fasihi ya Kiswahili. Wapo wanaousoma kama hati ya utii, na wapo wanaousoma kama maarifa ya mwanamke anayemfundisha mwanamke mwenzake namna ya kuishi kwa hadhi. Mjadala huo una faida, lakini pande zote mbili zinachukulia kwamba mke wa utendi huu ni mke wa kila mahali.

Sivyo. Wosia wa Mwana Kupona ni wa mtu anayejua nyumba. Unahusu adabu, usafi, pambo na maneno mema kwa mume, na nasaha zake zinadhani kwamba lugha ya nyumba ndiyo lugha ya binti, na majirani ni watu wake. Mama anayeusia hana haja ya kumfundisha binti namna ya kufika. Katika jamii ambamo binti aliweza kuolewa ndani ya nyumba aliyopewa na wazazi wake, pengo hilo si upungufu wa utendi. Upungufu unaanza pale mhakiki anapouchukua wosia huo na kumpimia mke wa bara ambaye kazi yake ya kwanza, kabla ya utii na kabla ya uasi, ni kutambua yuko wapi.

4.0 Bugonoka na kufika mara mbili

Riwaya iliyo karibu zaidi na mazingira ya Mara ni ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alikamilisha mswada wake wa Kikerewe mwaka 1945, akautafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, muda mfupi kabla ya kifo chake mwaka 1981. Sehemu ya kwanza inajulikana: Myombekere na Bugonoka hawajapata mtoto, ndugu wa mume wanamsimanga mke, wazazi wake wanamchukua na kumrudisha kwao. Mume anakwenda kwa wakwe zake kumwomba arudi, na anatakiwa kupeleka mitungi ya pombe ya ndizi.

Lawama inayoikabili riwaya hii kwa urahisi ni kwamba imelemewa na maelezo ya mila. Inaeleza salamu, mapishi, kilimo, utengenezaji wa pombe na tiba kwa utaratibu ambao msomaji wa leo huweza kuuona kuwa wa kuchelewesha hadithi. Lawama hiyo ingekuwa na nguvu kama hadithi ingekuwa ya tukio. Lakini ikisomwa kama hadithi ya watu wanaoingia na kutoka katika nyumba za wengine, maelezo hayo yanabadilika kazi. Namna ya kumkaribisha mgeni, nani akae wapi, nini kitangulie kuliwa: hayo ndiyo mambo ambayo mkamwana huhukumiwa kwayo kila siku. Kukosea salamu mbele ya wakwe ni tukio lenye uzito wake, hata kama hakuna aliyepiga kelele.

Aidha, Kitereza anafanya jambo ambalo sarufi ya -oa hailitarajii: anamgeuza mume kuwa mgeni. Myombekere anapokwenda kwa Namwero, baba wa Bugonoka, ndiye anayevuka njia, ndiye anayengoja kukaribishwa, na ndiye anayepimwa kwa maneno na kwa mitungi. Aliyeoa anaonja kwa muda kile ambacho aliyeolewa hukiishi. Pombe ya ndizi si faini tu; ni kazi ya mikono ya watu wengi ambayo inamlazimu mume kuwaendea wengine kuomba msaada. Kwa hiyo, Bugonoka anaporudi, anafika mara ya pili katika nyumba ileile, lakini si katika masharti yaleyale. Mara hii kufika kwake kumelipiwa kwa jasho la aliyekuwa amebaki.

Hata hivyo, riwaya ina mpaka wake. Bugonoka anaonyeshwa zaidi kwa vitendo na mazungumzo kuliko kwa mawazo yake ya ndani, na utulivu wa msimulizi unaifanya desturi ionekane kama hali ya hewa, kitu kisicho na mwenye kuulizwa. Utulivu wa mwisho wa mke unaegemea watoto. Riwaya haijibu swali la nini kingekuwa hatima ya Bugonoka kama tiba isingefaulu. Mkamwana asiyezaa angebaki mgeni hadi lini? Kitereza analijua swali hilo, kwa kuwa ndilo lililomrudisha Bugonoka kwao, lakini heri ya uzazi inamruhusu kuliacha.

5.0 Barua zisizopelekwa

Ili kuona kinachotokea pale mke mgeni anapojisimulia mwenyewe, inabidi kutoka katika ukanda wa ziwa na kurudi kwa mwanamke wa Unguja ambaye alihama mbali zaidi. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, aliondoka Zanzibar mwaka 1866, akabatizwa na kufunga ndoa huko Aden mwaka 1867 na mfanyabiashara Mjerumani Rudolph Heinrich Ruete, kisha akaenda kuishi naye Hamburg kwa jina la Emily Ruete. Mwaka 1870 mumewe alifariki kutokana na ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu.

Kumbukumbu zake za mwaka 1886 zinasomwa sana kwa sababu ya picha ya kasri za Zanzibar. Barua zake, ambazo hazikuchapishwa katika uhai wake, zinahusu upande wa pili: kufika Hamburg bila kujua Kijerumani, kukabili baridi, vyakula, watumishi na macho ya watu. Ni maandishi ya jikoni na sebuleni, kama yalivyo ya Kitereza, isipokuwa kwamba hapa aliyefika ndiye anayeshika kalamu. Zimeandikwa kana kwamba zinapelekwa kwa rafiki aliyebaki Zanzibar, lakini kwa Kijerumani. Hali hiyo ni ya kuzingatiwa. Lugha ya ugenini, ambayo kwanza ilikuwa ukuta, imekuwa ndiyo lugha ya kueleza ukuta huo. Na aliyekusudiwa kuelezwa, rafiki wa nyumbani, ni mtu asiyetarajiwa kuisoma. Kuzoea kumepatikana, na gharama yake imeonekana.

Salme hakutolewa ng'ombe, wala Kijerumani hakimpangi katika kauli ya kutendwa, kwa sababu kitenzi chake cha ndoa hutumika sawa kwa mume na kwa mke. Hata hivyo alihama, na baada ya 1870 alibaki mahali ambapo sababu ya kufika kwake haikuwapo tena. Mfano huu unathibitisha kwamba ugeni wa mke hautokani na mahari peke yake wala na umbo la kitenzi peke yake. Kitenzi -olewa huufichua, hakiuzai.

6.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba chagizo cha mahali katika matumizi ya -olewa hubeba habari ya uhamaji ambayo uchambuzi wa mtenda na mtendwa huiacha. Kwa msingi huo, Utendi wa Mwana Kupona hauwezi kuwa kipimo cha kila mke. Riwaya ya Kitereza inapata utetezi mpya wa maelezo yake marefu, pamoja na lawama mpya kuhusu ukimya wa Bugonoka. Na barua za Salme zinastahili kusomwa na wanafasihi wa Kiswahili kama maandishi ya mke mgeni, si kama kiambatisho cha historia ya kasri. Kazi iliyobaki iko karibu zaidi. Katika vijiji kama Nyansurura, masimulizi ya wakamwana waliotoka Kehancha, Rorya au kwingineko, pamoja na wa nyumba ntobhu, yanapaswa kukusanywa katika lugha ambazo wenyewe wanazisema nyumbani, kisha yachambuliwe kama fasihi. Swali la kuwauliza halihitaji nadharia nzito. Ni lile ambalo lugha yenyewe imekwishalizoea: ameolewa wapi, na huko alijifunza nini siku za kwanza?