Kilio Chetu na Orodha: Kwa Nini Marehemu Ndiye Mwalimu?

Fasihi inayotungwa ili kuonya ina hatari yake. Hali iliyosababisha onyo hubadilika, walakini kitabu hubaki darasani kikiendelea kufundisha yale yale. Ndivyo ilivyozipata tamthiliya mbili zilizosomwa sana katika shule za sekondari za Tanzania, nazo zimevuka mipaka hadi mikononi mwa walimu wa Kiswahili hapa Uganda. Ya kwanza ni Kilio Chetu ya Medical Aid Foundation, iliyotoka katika miaka ya 1990. Ya pili ni Orodha ya Steve Reynolds, iliyochapishwa kwa Kiswahili mwaka 2006.

Yafaa tuanze na sifa zao, maana si chache. Kilio Chetu inaweka mbele ya hadhira wazazi wawili wasiofanana. Mama Suzi anamweleza bintiye mambo ya jinsia bila kuficha. Mama Anna anayahesabu kuwa ni mambo ya aibu, hayafai kutajwa mbele ya mtoto. Anayeangamia ni yule ambaye hakuambiwa kitu. Hivyo lawama haimwangukii Anna na Joti peke yao, bali inawarudia wazazi walionyamaza. Kilio cha anwani ni kilio cha vijana wanaodai elimu.

Orodha imesukwa kwa ustadi zaidi. Furaha, msichana wa kijijini, anafariki na kuacha barua itakayosomwa mazikoni. Wanaume walioingiliana naye kwa siri, pamoja na wakubwa wanaoheshimiwa, wanatetemeka wakidhani kuwa majina yao yamo. Barua inaposomwa, kumbe si orodha ya watu. Ni orodha ya mambo ambayo yangaliweza kumwokoa. Hadhira iliyokuwa ikingoja kashfa inajikuta yenyewe ikiulizwa: nawe ulimnyima lipi?

Kasoro ya tamthiliya hizi haimo katika dhamira, imo katika mwisho. Zote mbili zinakwenda kwa mwendo wa methali isemayo kwamba mficha maradhi kifo humfichua. Mgonjwa hunyamaza, kisha mauti yanasema kwa niaba yake. Furaha anapata sauti ya kusikilizwa na kijiji kizima baada tu ya kuwekwa jenezani.

Kwa Kilio Chetu jambo hili lina udhuru, kwani wakati ule dawa hazikuwafikia watu wetu. Kwa Orodha udhuru ni mdogo. Ilipochapishwa, Uganda ilikuwa imekwisha anza kugawa dawa za kufubaza virusi bila malipo, tangu mwaka 2004. Zaidi ya hayo, mfano wa mgonjwa anayesema angali hai ulikuwapo zamani. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake, baadhi yao wakiwa na virusi wenyewe, waliunda TASO ili kuwasaidia wagonjwa na jamaa zao. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alijitangaza hadharani kuwa anaugua, akazunguka akizungumza mashuleni na makanisani hadi alipofariki Desemba mwaka huo. Yeye hakungoja barua ya mazikoni.

Kuna nini basi kinachotudai haraka? Mwanafunzi. Katika madarasa yetu wamo vijana waliozaliwa na VVU, wanaomeza dawa kila siku, wenye afya kama wenzao. Kijana wa namna hii anasoma tamthiliya ambamo kila mwenye virusi ni wa kufa, na mtihani unamtaka aeleze "athari za UKIMWI". Je, hatajiuliza faida ya kidonge cha jioni?

Hapa lugha nayo ina deni. Kwa miaka mingi tumekariri kwamba "UKIMWI hauna dawa". Lakini neno dawa katika Kiswahili hubeba maana mbili: kitu anachopewa mgonjwa, na kile kinachomaliza maradhi kabisa. UKIMWI hauna tiba ya kuumaliza, dawa unazo. Mwenye VVU akizitumia ipasavyo, hadi virusi visionekane tena katika vipimo vya damu na kubaki hivyo, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Mama asiyetibiwa huweza kumwambukiza mtoto kwa kadiri ya asilimia 15 hadi 45. Akitibiwa, kadiri hiyo hushuka chini ya asilimia 5. Aliyebakwa au kuchomwa na sindano akipewa dawa kabla ya saa 72 kupita, aweza kukingwa. Kadhalika neno "mwathirika" lamfanya mtu aonekane amekwisha shindwa. Kusema "mtu anayeishi na VVU" ni kurefusha maneno kidogo, lakini ni kusema kweli.

Sisemi vitabu hivi vitupwe. Vinaeleza kwa uaminifu ukimya wa wazazi, unafiki wa wakubwa na ukatili wa majirani, na hayo hayajatutoka. Ila mwalimu asiishie ukurasa wa mwisho. Na awaeleze wanafunzi mwaka wa kitabu, na yaliyojulikana mwaka huo. Na awape kazi ya kuandika upya onyesho moja la Orodha, ambamo Furaha anapimwa mapema, anaanza dawa, na anaisoma orodha yake mwenyewe mbele ya wale wale wanaume. Papo hapo wataona jinsi mgogoro unavyozidi kuwa mkali, kwa kuwa marehemu hawezi kuulizwa swali, hali Furaha aliye hai atajibu.

Waandishi wetu wa tamthiliya nao wanangojewa. Methali ile ilionya juu ya kuficha. Bado hatujapata mchezo wa kutuonyesha sawasawa maisha ya yule asiyeficha.