Mizani na mkengeuko katika Centaurus X-3

Mchoro wa Centaurus X-3, uliotokana na vipimo vya setilaiti ya Uhuru mwaka 1971, unadai usomaji wa polepole, kwa kuwa una waandishi wawili: nyota na chombo. Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Centaurus X-3 hutoa eksirei, na angahewa huzuia eksirei, hivyo mkazi wa Kidahwe anayehamisha macho kidogo magharibi ya Msalaba wa Kusini anaielekea nyota hii ya nyutroni asiione.

Katika mchoro, vijiti vya hesabu ya eksirei, kila kimoja cha sekunde 0.096, hupanda na kushuka kila baada ya sekunde 4.8 hivi. Vilele vyake, hata hivyo, huanza vifupi, hurefuka hadi katikati, kisha hufifia. Kilima hicho si cha nyota. Ni cha kipokezi kilichozunguka pamoja na setilaiti, kikaielekea shabaha na kuipita. Msomaji ameacha kivuli chake juu ya matini, na uhakiki makini huanza kwa kukiondoa.

Katika pulsa za redio, yaani nyota za nyutroni zinazotoa mapigo ya redio, kama ile aliyoigundua Jocelyn Bell huko Cambridge mwaka 1967, kila pigo lina umbo lake, pengine lisilofanana na la jirani yake. Ukiyajumlisha maelfu, hupatikana umbo moja thabiti. Mizani imetulia, maneno ndiyo yanayoyumba. Katika Centaurus X-3 mizani yenyewe inayumba: mapigo huwahi, kisha huchelewa, kwa karibu sekunde 40 kila upande, na mkengeuko huo hujirudia kila siku 2.09. Ndani ya kila mzunguko mnakuja ukimya wa takriban nusu siku.

Wanasayansi wa Uhuru, Riccardo Giacconi, Ethan Schreier na wenzao, hawakuuona mkengeuko huu kuwa doa. Waliusoma kama maudhui: nyota ya nyutroni inaizunguka nyota kubwa na kufichwa nayo. Ulaini wa mkengeuko, ambao kwangu ndio ufundi mkuu wa matini hii, unaonyesha kwamba njia yake inakaribia kuwa duara kamili.

Vipimo vya baadaye viliongeza jambo. Pulsa ya redio hulipia mng'ao wake kwa mzunguko wake, hivyo kwa kawaida hupunguza kasi. Centaurus X-3 hulishwa na mata inayotoka kwa mwenzake, na katika miaka ya vipimo hivyo mapigo yake yalizidi kukaribiana.