Sahani za Leyland zilidhulumiwa

Mwaka 2019 Freer Gallery ya Washington ilijaza tena kauri za buluu na nyeupe kwenye rafu za Chumba cha Tausi, na ubishi wa zamani ukafufuka. Picha zilizagaa, na kila mwenye macho aliona mambo yanavyofuatana mle ndani: kwanza tausi, kisha dhahabu, kisha ukuta wa buluu, na sahani mwisho kabisa. Hicho ni chumba kilichotengenezwa ili sahani zionekane. Wapo wanaosema rangi ni suala la ladha, na ladha haina hakimu. Kwa chumba hiki siwakubalii. Kuufunika ukuta ule kwa buluu lilikuwa kosa la ufundi, na kosa la ufundi huelezwa kwa ufundi.

Kisa mnakijua, kwa hiyo nitakipitia haraka. Frederick Leyland, tajiri wa meli wa Liverpool, alikuwa na kauri nyingi za Kichina, hasa za enzi ya mfalme Kangxi, 1662 hadi 1722, alizozipata kwa msaada wa mfanyabiashara Murray Marks. Kwa ajili ya vyombo hivyo Thomas Jeckyll alimtengenezea chumba cha kulia katika nyumba namba 49 Prince's Gate, London. Kuta alizivika ngozi ya kale yenye dhahabu na maua mekundu. Mbele ya ngozi akasimamisha rafu za mbao za mjozi, nguzo zake nyembamba, vyumba vyake vikiwa vya vimo mbalimbali, kila chombo kipate pa kukaa. Kwenye meko akaweka vyuma vya kuegeshea kuni vyenye umbo la alizeti. Juu ya meko ukatundikwa mchoro wa James Whistler, La Princesse du pays de la porcelaine. Mwaka 1876 Whistler akaulizwa ushauri wa rangi. Ushauri tu.

Hoja aliyoanza nayo ilisikika ya busara: maua mekundu ya ngozi yanagombana na rangi za mchoro wake. Lakini hapo hapo ndipo chumba kilipopotea, hata kabla ya brashi ya buluu kuguswa, kwa sababu kipimo kilihamishwa. Swali la Jeckyll lilikuwa: ukuta huu unazisaidiaje kauri? Swali la Whistler likawa: ukuta huu unausaidiaje mchoro wangu? Leyland alikubali maua yaguswe kidogo kwa manjano, akaenda zake Liverpool. Mwenye nyumba alipokuwa mbali kazi ikavimba, na mwanzoni mwa 1877 ngozi ilikuwa imezama chini ya buluu ya Prussia, mbao za mjozi zimepakwa dhahabu, na tausi wameenea hadi kwenye mbao za kufungia madirisha. Ugomvi wa malipo, Whistler akidai gini 2,000 na Leyland akilipa pauni 1,000, ndio unaopendwa na wasimulizi, maana umetuachia tausi wawili wanaopambana ukutani na sarafu miguuni pa mmoja wao. Tausi wa madirishani wamechorwa vizuri mno. Turudi kwenye ukuta.

Kauri ya Kangxi ina rangi mbili: weupe wa udongo uliochomwa na buluu ya kobalti iliyolala chini ya kioo cha juu. Zote mbili ni rangi baridi. Ukuta wa Jeckyll ulikuwa na kila kitu ambacho chombo hicho hakina: dhahabu iliyozeeka, hudhurungi ya mbao, na yale maua mekundu yaliyotawanyika huku na huku. Chombo baridi kikikaa mbele ya ukuta wenye joto hujitenga chenyewe. Jicho halihitaji kuelekezwa. Wekundu ule mdogo ndio uliokuwa ukifanya buluu ya sahani iwe buluu zaidi, na Whistler aliutoa kwa sababu ulimsumbua binti wa mchoroni. Akaweka nyuma ya buluu ya kobalti buluu nyingine, nzito kuliko hiyo na kubwa mara elfu. Ni harusi ambayo shangazi na mawifi wote wamevaa shela: bibi harusi yupo, ila mgeni inabidi aulize ni yupi.

Kosa la rafu halisemwi sana, nami naliona baya zaidi. Mjozi ni mti wa kahawia usiojitanguliza. Nguzo nyembamba za mti huo hurudi nyuma, chombo kikaja mbele. Zikipakwa dhahabu, mambo yanageuka. Fremu inakuwa ndicho kitu king'aacho kuliko vyote chumbani, na iko mbele ya sahani. Mumkumbuke tena Jeckyll: taa zake za gesi zilining'inia kutoka darini, na mwanga wa namna hiyo hupiga kwanza ukingo wa rafu kabla haujafika ndani ya kisanduku. Mng'aro wa kioo cha kauri, ambao ndio roho ya chombo hicho, ukalazimishwa kushindana na mng'aro wa fremu ya kukibebea. Fundi yeyote wa kabati angemwambia Whistler kwamba kibebeo hakishindani na kinachobebwa.

Wapo wanaojibu kwamba sahani ina weupe mwingi, na cheupe juu ya buluu nzito huonekana vizuri mno. Ni kweli kwa sahani isiyo na mchoro. Lakini kauri nyingi za Kangxi zimejazwa mchoro hadi ukingoni, milima, majani, mawimbi, na ukisimama upande wa pili wa meza ya kulia weupe na buluu huchanganyika. Kinachobaki ni vipande vya weupe vinavyomemetuka huku na huku, huku umbo la chombo likimezwa na ukuta. Wanaojibu vizuri zaidi hutaja yale magudulia ya maua ya mplamu, maua meupe juu ya buluu yenye mistari kama barafu iliyopasuka. Wanasema: tazama, Wachina wenyewe waliweka buluu nyuma! Naam, na tazameni walivyofanya. Buluu ile waliivunja kwa mistari ili isiwe ukuta, na mbele yake wakaacha ua jeupe tupu. Mfinyanzi wa Jingdezhen alijua kwamba buluu ikiwa nyuma, cha mbele lazima kiwe na rangi nyingine. Whistler alikuwa na somo hilo rafuni, akalipaka dhahabu pembeni.

Na hana udhuru wa kutojua. Mwenyewe alikuwa mkusanyaji wa kauri za buluu na nyeupe, na mwaka 1878, mwaka mmoja tu baada ya chumba hiki, ilitoka orodha ya kauri za Sir Henry Thompson yenye michoro ya mkono wake. Mle kila chombo alichokichora amekipa karatasi tupu nyuma yake. Alipochora kwa ajili ya chombo, alikiachia nafasi. Alipopewa ukuta mzima, alijichorea mwenyewe.

Waliolimaliza swali hili mapema ni mafundi wa chokaa wa Lamu na Pate katika karne ya 18. Tuache ile tabia ya kuzisifu zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kama pambo la kitalii. Ni jibu la kiufundi kwa tatizo lile lile la Leyland, namna ya kuonyesha kauri kutoka mbali katika chumba kilicho ndani ya nyumba. Ndani, kama chumba hicho kinavyoitwa, ni chumba kirefu na chembamba, upana wake ukiamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, na mwanga wake unafika ukiwa umechoka, umetoka kiwandani, yaani uani, na kupitia misanani, kumbi zilizo kabla yake. Fundi akajenga ukuta wa mwisho kwa safu za zidaka za ukubwa mbalimbali, zote chokaa nyeupe, hata nakshi za kingo. Mtu atauliza: nyeupe nyuma ya sahani nyeupe, si kosa lile lile? Hapana. Katika sahani ya buluu na nyeupe, weupe ni karatasi na buluu ndiyo maandishi. Weupe wa ukuta unajiunga na karatasi, maandishi yanabaki peke yake. Umbo la chombo linalindwa na kivuli cha kidaka chenyewe, kwa kuwa kina kina, na chokaa haing'ai, basi kinachong'aa mle ni kauri tu. Nakshi ni nyingi, nakubali, lakini zinasomeka kwa kivuli, hazikuongeza rangi ya pili. Mtunzi wa utenzi wa Al-Inkishafi alipotaka kuonyesha majumba ya Pate yalivyoanguka, aliyataja madaka ya sahani yaliyobaki viota vya ndege. Alijua chumba kile kilihesabiwa kwa vyombo vyake.

Kuna pingamizi mbili nzito. Ya kwanza: Leyland mwenyewe, pamoja na hasira zake zote, hakukipaka chumba rangi upya; alikaa nacho hadi alipofariki mwaka 1892. Hilo linathibitisha kwamba Leyland alijua thamani ya kazi ya Whistler. Halithibitishi kwamba sahani zilikaa vizuri. Mtu anaweza kuishi na mchoro mkubwa ulioharibu kabati lake, na akawa na akili timamu kwa kufanya hivyo. Ya pili ndiyo inayorudiwa kila mara: bila Whistler, chumba kingebomolewa na kusahauliwa. Huenda. Lakini tazameni kilichookolewa. Baada ya kifo cha Leyland kauri ziliuzwa, ukuta ukabaki. Charles Lang Freer aliununua mchoro mwaka 1903 na chumba mwaka 1904, akakihamishia Detroit, na alipozijaza rafu aliweka vyombo vyake mwenyewe kutoka Syria, Iran, China, Korea na Japani, vya rangi ya kijani, ya feruzi na ya majivu. Mkusanyaji mwenye jicho kali aliutazama ukuta wa buluu, akautafutia vyombo vinavyouelewa, na kauri za buluu na nyeupe hazikuwa chaguo lake. Sijui utetezi gani wa Whistler unaoweza kuuruka ushahidi huo.

Nalisema hili kwa sababu kosa la 1877 linafanywa kila wiki katika sebule zetu. Mtu anarithi sahani za bibi, au anazikuta kwa muuza vitu vya kale, sahani ambazo hazitengenezwi tena. Kabla hajazitazama, anampigia simu fundi rangi aje kupaka ukuta buluu nzito kwa kuwa ameiona kwenye simu. Kisha anaweka vitundikio vya dhahabu, halafu vasi la maua ya plastiki ya buluu ili vitu vifanane. Kufanana ndiyo sumu yenyewe. Maua ya kuweka jirani na kauri ya buluu ni yale yenye rangi za joto: waridi jekundu, alizeti, hata tawi la mkrismasi lililokatwa asubuhi. Na kama ni asumini, iacheni nyeupe mbele ya ukuta mweupe, inafanya kazi kwa harufu.

Kwa hiyo anzeni na chombo. Kitundikeni ukutani kabla ya kuchagua rangi, rudini nyuma hadi ukuta wa pili, mtazame kwa mwanga wa jioni, siyo wa saa sita mchana. Mkiuona ukuta kwanza, badilisheni ukuta. Na mnapokitaja Chumba cha Tausi, anzeni na Thomas Jeckyll, aliyefariki mwaka 1881 katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Norwich. Whistler alitupa mchoro mkubwa. Chumba cha kauri kilikuwa cha Jeckyll, na kilikuwa sahihi kabla hakijaguswa.